Klabu hainilipi mwezi wa nne sasa, je nimeshakuwa mchezaji huru?

Shikamoo wakili,

Mimi ni winga, nina miaka 22, nacheza Ligi Kuu Tanzania Bara. Naomba jina langu na la timu yasitajwe kwa sababu bado nina mkataba nao. Hapo ndipo tatizo langu linapoanzia.

Nilisaini miaka mitatu Julai mwaka juzi, siku mbili kabla dirisha halijafungwa. Ilikuwa saa nne usiku, gesti. Kiongozi mmoja alikuja na bahasha ya kaki yenye milioni sita, akaniambia nne zilizobaki nitapewa nikishacheza mechi tano. Hilo la milioni nne alilisema kwa mdomo. Mkataba ulikuwa wa Kiingereza, kurasa tisa. Yeye alikuwa anafunua na kuweka kidole pale pa kusaini, na mimi nasaini. Ukurasa wa nne, sehemu ya mshahara, palikuwa wazi. Nilipouliza akajibu, "Hapo tutajaza ofisini kesho, mdogo wangu, usiwe na wasiwasi." Nakala sijapewa mpaka leo. Nina picha tatu tu nilizopiga kwa simu alipotoka nje kupokea simu, na moja haisomeki.

Mshahara wangu ni Sh800,000, unaingia benki kila tarehe 28. Msimu wa kwanza ulichelewa lakini ulikuja. Msimu huu niliopata wa mwisho ni wa Septemba. Oktoba, Novemba, Desemba na Januari sijaona kitu. Zile milioni nne ndiyo kabisa. Tukiuliza, tunaambiwa mkataba unairuhusu klabu kuchelewa hadi siku 90. Nilipoangalia picha zangu nikakuta ni kweli, imeandikwa ukurasa wa sita. Ukurasa huohuo unasema klabu inaweza kunivunjia mkataba muda wowote kwa kunilipa mshahara wa mwezi mmoja, ila mimi nikitaka kuondoka nilipe milioni 50.

Mama ananitegemea na mdogo wangu yuko kidato cha pili. Wiki iliyopita nilikusanya nguo zangu kambini, nikapanda basi kuja nyumbani Mwanza. Leo siku ya tisa. Meneja wa timu amenipigia mara mbili, anasema nitaandikiwa utoro. Mimi sijaandika chochote, tumeongea kwa simu tu.

Kuna timu ya Oman inanitaka. Wamenitumia mkataba wa miaka miwili kwa WhatsApp, wanasema nije kama mchezaji huru. Ndani yake kuna sehemu inasema mkataba utaanza kazi nikifaulu vipimo vya afya na nikipata kibali cha kazi. Kaka yangu anasema nisaini nipande ndege, mengine yatajulikana hukohuko. Mrundi ninayelala naye chumba kimoja kambini anasema niende FIFA, maana kuna mwenzake walimlipa kwa njia hiyo.

Halafu kuna meneja wangu binafsi. Nilimsainia karatasi nikiwa na miaka 19, kwamba atachukua asilimia 30 ya kila ninachopata na ya kila nitakapouzwa, hadi nistaafu. Ameshajua habari za Oman na anaulizia chake.

La mwisho, kituo cha mtaani kilichonilea tangu nina miaka 14 hadi 18, kocha wake hana hata mipira. Nikiuzwa nje, kuna chochote watapata?

Niko huru au siko huru? Nisaini?

Winga, Mwanza

*

Marahaba mdogo wangu. Pole sana kwa miezi minne hiyo. Nimekaa na wachezaji wengi wa hali yako, na najua unavyokuwa mtu anayeshangiliwa na uwanja mzima Jumamosi halafu Jumatatu hana nauli ya daladala.

Hujawa huru. Usisaini Oman wiki hii. Na kesho panda basi urudi kambini.

Najua hilo la kurudi ndilo litakalokuuma, kwa hiyo naanza nalo. Haki yako ya kuondoka inatokana na kosa la klabu, yaani kutokulipa. Kila siku unayokaa Mwanza bila ruhusa na bila barua, unawapa na wao kosa la kukushtaki nalo. Mbele ya kamati ya shirikisho la soka, TFF, hawatazungumzia mishahara tena, watazungumzia utoro. Siku tisa zinaelezeka: uliishiwa, hukuwa na nauli wala hela ya kula. Siku arobaini hazielezeki. Leo hii, kabla hujalala, mtumie meneja wa timu ujumbe wa maandishi: uliondoka kwa sababu ya kukosa mishahara ya miezi minne, unarudi tarehe fulani, uko tayari kwa mazoezi. Piga picha ujumbe huo ukishaonekana umesomwa.

Hakika unakumbuka sakata la Feisal Salum, Fei Toto. Desemba 2022 alitangaza kuachana na Yanga, na fedha za kuvunjia mkataba zikawekwa kwenye akaunti ya klabu. Watu wengi mitaani waliona yamekwisha, si amelipa? Januari 2023 Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF ikasema bado ni mchezaji wa Yanga. Aliomba marejeo, akakataliwa. Kijana aliyekuwa katika ubora wake akakaa miezi bila kucheza mechi ya klabu, mpaka Juni 2023, baada ya Rais Samia kuiomba Yanga hadharani imalizane naye, ndipo akahamia Azam. Mchezaji wa jina lile, mwenye mawakili na nchi nzima ikimzungumzia, ilimchukua nusu mwaka. Wewe na mimi hatuna wa kutuombea Ikulu. Njia yetu ni karatasi.

Sasa sheria yenyewe. Kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji zinasema mkataba wa mchezaji wa kulipwa unaisha kwa muda wake kwisha au kwa pande mbili kukubaliana. Nje ya hapo, upande mmoja unaweza kuuvunja ukiwa na sababu ya msingi. Tangu Juni 2018 kuna kifungu kilichoandikwa kwa ajili ya watu wa hali yako hasa: klabu isipolipa mishahara ya angalau miezi miwili kwa tarehe zake, mchezaji anahesabika kuwa na sababu ya msingi, ila kwa sharti kwamba ameidai klabu kwa maandishi na kuipa angalau siku 15 ilipe deni lote. Miezi miwili unayo, unayo hata minne. Maandishi huna, na siku 15 hazijaanza kuhesabiwa. Ndiyo maana nasema hujawa huru.

Wewe ni Mtanzania katika klabu ya Tanzania, kwa hiyo shauri lako litasikilizwa kwa kanuni za TFF. FIFA inavitaka vyama vya nchi vilinde misingi hiyohiyo ya mikataba, lakini maneno ya kanuni za ndani yanaweza kupishana kidogo na ya FIFA. Kwa mashauri ya nyumbani mimi huwaambia wachezaji wafuate njia iliyo ngumu zaidi: miezi miwili itimie, barua iandikwe, siku 15 kamili zipite. Ukifanya hivyo hakuna kamati itakayokwambia uliharakisha.

Barua yenyewe isiwe ndefu na isiwe na matusi. Iandike hivi:

"Kwa Mtendaji Mkuu. Yah: Madai ya mishahara. Kwa mujibu wa mkataba wangu na klabu, sijalipwa mishahara ya Oktoba, Novemba, Desemba na Januari, jumla Sh3,200,000. Aidha sijalipwa Sh4,000,000, sehemu ya fedha za usajili nilizoahidiwa. Naomba nilipwe kiasi chote ndani ya siku 15 tangu kupokelewa kwa barua hii, kupitia akaunti yangu ileile ya benki. Nisipolipwa katika muda huo nitavunja mkataba kwa sababu ya msingi na kudai fidia. Niko tayari kwa mazoezi na mechi wakati wote."

Weka tarehe na sahihi. Chapisha nakala tatu. Moja wabaki nayo, ya pili ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na sahihi ya mpokeaji, uondoke nayo, na ya tatu peleka TFF iwe kwenye kumbukumbu. Karani akikataa kugonga muhuri, usigombane naye. Itume siku hiyohiyo kwa EMS na kwa baruapepe rasmi ya klabu, na stakabadhi ya posta uitunze kama unavyotunza pasipoti. Siku 15 zinaanza kuhesabiwa walipoipokea, na muhuri huo ndio utakaothibitisha. Nimewahi kuona shauri zuri likikwama kwa sababu tu mchezaji alisema "nilimpa mkononi" na hakuna aliyekubali kwamba alipewa.

Nimeyatenganisha madai mawili kwenye barua makusudi. Ya mishahara yanasimama imara. Milioni nne ziliahidiwa gesti kwa mdomo, zidai lakini shauri lako lisizitegemee. Pekua simu yako: kama yule kiongozi aliwahi kukuandikia hata mara moja "ile nne vumilia, inakuja", umepata ushahidi. Usibadilishe simu wala usifute kitu.

Nafasi ile iliyoachwa wazi ukurasa wa nne inanitia hofu kuliko hata deni, kwa sababu hujui baadaye iliandikwa nini. Nenda benki uombe taarifa ya akaunti tangu Agosti mwaka juzi. Sh800,000 ikionekana imeingia mwezi baada ya mwezi kutoka akaunti ya klabu, basi kalamu yoyote iliyopita pale itapata kazi kubwa kusema vingine. Halafu iandikie klabu kuomba nakala ya mkataba, na uiombe TFF nayo, kwa sababu klabu hupeleka mikataba kule wakati wa usajili. Mwaka 2020 Yanga na Bernard Morrison walivutana juu ya jambo kama hilo. Klabu ilisema amesaini miaka miwili, yeye akasema alichosaini ni miezi sita. Kamati ikaona mkataba ule una mapungufu, ikamtangaza mchezaji huru. Yanga wakaenda Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, kule Uswisi, na mwaka 2021 wakashindwa. Yote hayo yalitokana na karatasi na sahihi.

Kifungu cha siku 90 kisikutishe. Kanuni za FIFA zinasema wazi kwamba kipengele cha kuiongezea klabu muda wa kulipa deni lililokwisha kuiva hakitambuliwi, isipokuwa kikitokana na makubaliano ya pamoja kati ya waajiri na chama cha wachezaji. Kifungu hicho ni kati ya vile vinavyozibana nchi zote wanachama, hata kwa mashauri ya ndani. Tarehe 28 ikipita, deni limeiva. Wakikurudishia hoja ya siku 90, wajibu kwa maandishi kwamba kipengele hicho hakitambuliki.

Kile cha kuachwa kwa mshahara wa mwezi mmoja huku wewe ukidaiwa milioni 50 ni cha upande mmoja waziwazi. Vyombo vya FIFA vimezoea kuvikataa vipengele vya namna hiyo, vinavyompa mwajiri mlango mpana na mchezaji tundu la sindano. Lakini usikipime nguvu sasa. Milioni 50 ni za mtu anayeondoka bila sababu. Wewe, siku 15 zikipita hawajalipa, utakuwa unaondoka kwa kosa lao.

Na wakilipa je? Wakikulipa yote siku ya 14, mkataba unaendelea, na utarudi uwanjani kucheza hata kama Oman imekukaa moyoni. Wakilipa mwezi mmoja tu ili kukutuliza, pokea, kisha waandikie kwamba umepokea kiasi hicho na kilichobaki bado unakidai. Deni halijalipwa lote, na siku zinaendelea kuhesabiwa. Jambo ninalolitarajia zaidi ni hili: utaitwa ofisini, utapewa soda, na utaambiwa, "Wewe achia mishahara, sisi tunakupa barua ya kukuachia." Sikukatazi kukubali. Kama Oman ni ya kweli, kupoteza milioni tatu ili uondoke kesho bila kesi kunaweza kuwa uamuzi wa busara kwa kijana wa miaka 22, na nimewahi kumshauri mtu akubali. Ila usisaini siku hiyohiyo. Chukua karatasi, ondoka nayo, isomwe na mtu wako. Hakikisha imeandikwa kwamba pande zote hazidaiani chochote, na si wewe tu usiyewadai, vinginevyo milioni 50 zitakuja kukuamkia Muscat.

Siku 15 zikipita kimya, andika barua ya pili ya kuvunja mkataba, nayo ipate muhuri, kisha peleka shauri Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji. Utadai mishahara ya nyuma na fidia ya muda uliobaki. Kwa hesabu ya leo, Februari hii hadi Juni mwakani ni miezi 17, Sh13,600,000, na kwa kawaida mapato ya timu mpya ndani ya muda huo hupunguzwa kwenye fidia. Kama wewe ni mwanachama wa SPUTANZA, chama cha wachezaji wa soka Tanzania, wahusishe mapema. Wakili akikushauri kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani njia ya sheria ya kazi, msikilize haraka, maana kule muda ni mfupi: siku 30 kwa anayelalamikia kuachishwa kazi, siku 60 kwa migogoro mingine. Usichague mlango huo peke yako. Kanuni za soka zina masharti yake juu ya kwenda nje ya mfumo wa TFF.

Rafiki yako Mrundi hajakudanganya, ila njia aliyokuonyesha ni yake. Chumba cha usuluhishi cha FIFA husikiliza migogoro yenye sura ya kimataifa: mchezaji wa nchi moja, klabu ya nchi nyingine. Yeye ni mgeni Tanzania, wewe si mgeni. Simon Msuva alipoachana na Wydad ya Casablanca akidai stahiki zake, alikuwa Mtanzania Morocco, kwa hiyo alikwenda FIFA, akashinda mwaka 2022. Mchezaji halipi ada kufungua shauri kule, na klabu iliyoamriwa kulipa isipolipa ndani ya siku 45 inaweza kuzuiwa kusajili hadi madirisha matatu mfululizo. Gor Mahia na AFC Leopards za Kenya zimewahi kuonja kizuizi hicho kwa sababu ya madeni. Ukifika Oman, na wewe utakuwa mgeni, na mlango huo utakuwa wako.

Tuje Oman. Nimefurahi kwamba umetaja ule mstari wa vipimo na kibali. FIFA inakataza uhalali wa mkataba kutegemea kufaulu vipimo vya afya au kupata kibali cha kazi. Klabu inayojua kazi yake inampima mchezaji kwanza, kisha inasaini. Mkataba wa namna hiyo unakufanya uvunje wa huku, usafiri, upimwe goti, na wao waseme goti halijawaridhisha. Waambie waufute mstari huo. Wakikataa, umeshajua ni watu wa namna gani. Waulize pia nani anakata tiketi, nani anashughulikia viza ya kazi, na mshahara ni wa miezi kumi au kumi na miwili, na yote yawe ndani ya mkataba wenyewe. WhatsApp peke yake haitoshi.

Klabu inayomtaka mchezaji mwenye mkataba inatakiwa kuiandikia klabu yake kabla ya kuzungumza naye. Mchezaji anakuwa huru kusaini kwingine mkataba ukiwa umebakiza miezi sita au chini. Wako unaisha Juni mwakani, kwa hiyo kwa njia hiyo utafunguliwa Januari ijayo. Ukisaini sasa utakuwa na mikataba miwili ya muda mmoja. Na kwa kuwa ulisaini ukiwa chini ya miaka 28, misimu mitatu ya kwanza ni kipindi cha ulinzi. Uko msimu wa pili. Anayevunja bila sababu ndani ya kipindi hicho anaweza kufungiwa miezi minne hadi sita, pamoja na kulipa fidia. Kaka yako anakupenda, lakini hicho ndicho "mengine yatajulikana hukohuko".

Kuna wanaosema kijiweni kwamba kesi ya Diarra imefuta yote hayo. Lassana Diarra, Mfaransa, aligombana na Lokomotiv Moscow mwaka 2014, akaamriwa kulipa euro milioni 10.5, na klabu ya Charleroi ya Ubelgiji ikaogopa kumsajili. Tarehe 4 Oktoba 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema baadhi ya kanuni hizo zinapingana na sheria za Ulaya, na FIFA ikazirekebisha. Sasa klabu mpya haibebeshwi deni lako moja kwa moja, mpaka ionekane ndiyo iliyokushawishi kuvunja. Ni nafuu kwa klabu ya Oman, na unaweza kuwaambia. Wewe mwenyewe ukivunja bila sababu, fidia bado utailipa wewe.

Huyo meneja wako, muulize swali moja: leseni yako ya FIFA iko wapi? Majina ya mawakala wenye leseni yanapatikana kwenye tovuti ya FIFA, dakika mbili unalipata jibu. Mkataba wa wakala na mchezaji hauzidi miaka miwili. Wako umefikisha mitatu na umeandikwa "hadi nistaafu". Kuhusu asilimia 30 ya kila utakapouzwa, tangu Mei 2015 FIFA imepiga marufuku mtu wa nje kumiliki sehemu ya fedha za uhamisho wa mchezaji. Tangu 2019 wewe mwenyewe huhesabiki kuwa mtu wa nje, kwa hiyo unaweza kuomba mgawo wa ada yako ya kuuzwa uandikwe kwenye mkataba wako. Yeye hawezi. Kama alikununulia viatu na kukulipia chumba ukiwa na miaka 19, mshukuru, mrudishie fedha zake mkielewana, kwa maandishi. Usimlipe asilimia ya maisha yako.

Na kituo chenu, nimeguswa kwamba umekikumbuka katikati ya shida zako. Mchezaji anapouzwa nje akiwa na mkataba, asilimia tano ya ada inagawiwa timu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kila mwaka wa 12 hadi 15 ni robo asilimia ya ada, na wa 16 hadi 23 ni nusu asilimia. Kituo kilikuwa na wewe miaka ya 14, 15, 16 na 17, jumla asilimia moja na nusu. Ukiuzwa kwa dola 60,000 wangepata dola 900, mipira mingi hiyo. Lakini ukiondoka huru hakuna ada, kwa hiyo safari hii hawatapata kwa njia hiyo. Timu ya kesho ikikununua kutoka Oman, watapata, ikiwa tu kituo kilisajiliwa chini ya chama cha soka na jina lako liko kwenye rekodi za miaka hiyo. Mwambie kocha aende chama cha mkoa akahakikishe sasa, angali anakumbuka uliingia mwaka gani.

Fedha za uhamisho huchelewa, na hata klabu kubwa zimezisubiri. Simba ilimuuza Emmanuel Okwi kwa Étoile du Sahel ya Tunisia Januari 2013 kwa dola 300,000, ikaishia kuzifukuzia FIFA kwa miaka.

Kwa sasa kazi yako ni basi la kesho, benki, na muhuri. Ukifika kambini mwambie Mrundi wako ahesabu na yeye miezi yake. Kama hajalipwa, aandike barua kama yako, na shauri lake alifikishe FIFA ndani ya miaka miwili tangu deni lilipoiva. Na ukishapata nakala ya mkataba, nipigie picha ukurasa wa nne unitumie, nione walijaza nini.